Majaliwa Mkononi mwa Binadamu: Niobe katika Riwaya ya Piers Anthony

Katika mapokeo ya Wayunani wa kale, wanawake watatu wagawao majaliwa hawakupata kuwa watu. Clotho husokota uzi wa uhai, Lachesis huupima, Atropos huukata. Nao ni miungu tangu kuzaliwa. Piers Anthony, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Uingereza mwaka 1934, aligeuza asili hiyo katika With a Tangled Skein (1985), riwaya ya tatu ya mfululizo ulioanza na On a Pale Horse (1983). Kwake Majaliwa ni cheo. Binadamu hukishika, hukiacha, na mwingine hukirithi. Na wanawake watatu walio nacho hukaa katika mwili mmoja.

Niobe, msichana wa Ayalandi, anaozwa na babake pasipo ridhaa yake kwa Cedric, kijana aliye mdogo kwake kwa umri. Mapenzi yanakuja polepole, kisha Cedric anauawa. Niobe anapopata kujua kwamba njama ya Shetani ilimlenga yeye, na kwamba mumewe alijitoa badala yake, anawaachia jamaa za marehemu mtoto wake mchanga na kukubali kuwa Clotho. Hapa ndipo penye uzito wa kitabu. Mwanamke ambaye jana hakuulizwa ataolewa na nani, leo anasokota nyuzi za watu ambao nao hawataulizwa. Mwandishi analipita jambo hili kwa haraka mno.

Msomaji wa Kiswahili huenda akalihisi pengo hilo mapema, kwani lugha yake imekwisha kulionyesha. Neno majaliwa limetokana na kauli ya kutendwa: mtu hujaliwa, kama vile huandikiwa. Kauli ya kutenda ipo, lakini katika mazoea ya lugha kiima chake ni kimoja: Mungu akijalia. Mfasiri atakayeandika kwamba Niobe “anajalia” atakuwa amemvika sifa ya Mwenyezi. Akiandika kwamba “anagawa majaliwa,” amemfanya karani.

Na ukarani ndio ulio karibu zaidi na kweli ya riwaya. Kurasa zake bora ni zile za kazi: Niobe anafunzwa na wenzake, anakwenda katika Utupu kuchukua malighafi ya uhai, anarudi kusokota. Uungu hapa ni kazi ya mikono, nayo ina hatari zake. Lakini msimulizi hachoki kuusifu uzuri wa sura yake, hata akili yake ikafichika nyuma ya sifa hizo. Na kwa kuwa takriban kila ovu limetoka kwa Shetani, Majaliwa yenyewe hayaulizwi swali lolote. Niobe wa Wayunani, aliyeuliwa wanawe na Apollo na Artemis, aliigeukia miungu kwa machozi hata akawa jiwe. Huyu wa Anthony anapewa njia ya kutoka: anarudi kuwa binadamu, anaolewa na binamu wa Cedric, na baadaye anakuwa Lachesis.

Ni huko Jehanamu tu, anapomtafuta mwanawe katika mzingile wa mazingaombwe, ndipo cheo kinapoanza kumgharimu. Ana nyuzi za idadi maalumu za kuyatambua yaliyo ya kweli, na kila autupao hauna badala. Aliyewapimia wengine sasa anahesabu zake.