Sifa kwa Mwenye Fyekeo

Ndege ndogo ikitua salama kijijini, watoto humkimbilia rubani. Hakuna anayemtazama mzee aliyesimama pembeni na fyekeo begani. Rubani anastahili sifa zake, lakini asingekuwa na pa kutua kama mzee huyo angelala. Maneno haya ni ya mzee wa fyekeo, na ya wote waliong'oa visiki, wakachimba mitaro na kusawazisha udongo ili magurudumu yapate pa kukanyaga.

Hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, kazi hiyo si anasa. Barabara ya taifa namba 27, inayotoka Komanda kupita Bunia hadi Mahagi, imefungwa mara nyingi na mashambulizi ya makundi yenye silaha, na bunduki zikinyamaza hubaki matope. Kwa miaka mingi madaktari wa hospitali ya Nyankunde walisafiri kwa ndege ndogo kwenda kutibu wagonjwa katika hospitali za mbali. Ndege hizo ni za MAF, shirika la kimisheni la usafiri wa anga, ambalo kituo chake kilikuwa palepale Nyankunde hadi mauaji ya Septemba 2002 yalipowatawanya watu. Sasa kituo kiko Bunia. Kila safari ya namna hiyo huishia kwenye ukanda wa ardhi wa mita mia kadhaa, ambao kuna mtu aliutafuta, akaupima na kuufyeka.

Kuutafuta ni nusu ya ufundi. Mjuzi hutazama kwanza ncha mbili. Ardhi iwe tambarare kiasi gani, ikiishia kwenye mstari wa mikaratusi haifai, kwa kuwa ndege haipai wima. Kisha huwauliza wenyeji maswali matatu: upepo wa mchana hutoka upande gani, maji hutuama wapi mvua za Mei zikikolea, na shamba hili ni la nani. Upepo una uzito wake, kwa sababu ndege hupaa na kutua ikiuelekea. Maji nayo nitayarudia. Lakini katika jimbo ambalo magomvi ya ardhi yamemwaga damu nyingi, swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Kiwanja kilichopimwa vizuri juu ya shamba la kunyang'anya hakidumu.

Baada ya hapo huja hesabu. Uwanja wa ndege wa Bunia uko takriban mita 1,230 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi: mabawa hushika kidogo, injini huvuta kidogo. Kanuni inayotumiwa na wapimaji wa viwanja duniani husema uongeze asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kipimo cha kawaida cha mwinuko huo, ambacho kwetu ni kama nyuzi 7. Chukua ndege inayohitaji mita 600 pwani. Ukiileta Bunia inataka karibu 770, na saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 27, inataka zaidi ya 920. Ndiyo maana marubani wa hapa hupenda kuondoka asubuhi, na ndiyo maana mpimaji asiyejua hesabu hii ni mtu wa hatari hata akiwa na nia njema.

Adui mkuu wa kiwanja cha udongo ni maji. Udongo wetu mwekundu ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ukilowa hushika gurudumu na kuling'ang'ania. Dawa yake ni kuupa ukanda mgongo: katikati pawe juu na pande mbili ziteremke polepole, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita. Kwenye ukanda wa upana wa mita 20, katikati huzidi kingo kwa sentimita 20 tu. Macho hayaoni tofauti hiyo, ila mvua inaiona. Mitaro ya pembeni hupokea maji na kuyapeleka mbali. Nyasi fupi zilizoshonana huachwa makusudi, maana mizizi yake ndiyo inayoushika udongo usichukuliwe. Vichuguu huchimbwa hadi chini kabisa, kwani ukikata kichwa tu, mchwa watakijenga tena. Mwisho gari hupitishwa kwa kasi kutoka ncha hadi ncha. Likimrusha dereva kitini, watu wanarudi kwenye majembe.

Mwaka 2003 hata wakubwa wa dunia walilazimika kuujali udongo huo. Mapigano ya Mei yalikuwa yameusambaratisha mji wa Bunia. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1484, na Juni askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, walianza kuingia wakitokea Entebbe. Njia yao ilikuwa ya angani, hivyo operesheni nzima, iliyopewa jina la Artemis, ilisimama juu ya ukanda mmoja wa udongo uliolazimika kubeba uzito wa ndege za mizigo za kijeshi. Wahandisi wa jeshi wakawa mafundi wa kokoto na mitaro. Mizinga ilipigwa picha, greda halikupigwa.

Wanaodhani urefu wa njia ni jambo la makaratasi na waikumbuke Goma. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya uwanja ule na kuifupisha. Tarehe 15 Aprili 2008, ikiwa bado fupi, ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, ikaua watu.

Kijana anayetaka kujifunza ufundi huu bila kuhatarisha roho ya mtu aanze na ndege za mfano, zile zinazoongozwa kwa redio. Sheria ni zilezile, vipimo ndivyo vidogo: uwanja wa mpira huweza kutosha, ila kwa gurudumu la sentimita 5 fungu moja la nyasi ni kichuguu, na shimo la ukwato wa ng'ombe ni korongo. Atajifunza kutembea kwa miguu uwanja wote kabla ya kurusha, kuelekea upepo, na kuogopa nyaya za umeme. Bunia aombe ruhusa kwanza, tena akae mbali na uwanja wa ndege: tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kitu kinachovuma angani hakimchekeshi askari.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ufundi huu hauna siku ya kukata utepe. Mvua moja hufungua mfereji, wiki chache nyasi hufika magotini, mbuzi hurudi, na jirani husogeza muhogo wake hatua moja kila msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa usipoziba ufa utachimba kaburi. Nyumba ikikamilika fundi huondoka, ilhali mwenye kiwanja huamka kesho na fyekeo lilelile.

Kwa hiyo nina ombi kwa machifu, kwa makanisa, kwa hospitali na kwa serikali ya jimbo. Msilime kwenye kingo za viwanja, wala msigawe viwanja vya nyumba kwenye ncha zake. Msiiache kazi hii iwe salongo, yaani kazi ya pamoja, ya siku ya kumpokea mgeni mkubwa. Iwekeni katika bajeti pamoja na dawa na petroli. Na mkata nyasi mlipeni kila mwezi, kwa wakati, kabla ya mgonjwa kuhitaji ndege.