Mafundi wa Usingizi

Pori la akiba la Grumeti ni jirani yetu watu wa Mugeta. Mwaka 2018 shirika la RESOLVE la Marekani lilijaribu humo kamera ndogo za TrailGuard, zikafichwa kwenye njia wanazopita majangili, na majangili 30 wakakamatwa. Wengi walizisifia macho. Mimi nazisifia usingizi.

Kamera ile hulala. Kitu kikipita mbele yake huzinduka, hupiga picha, kisha chipu iliyofunzwa kwa akili mnemba huichunguza palepale: huyu ni mtu, au ni nyasi zinazochezeshwa na upepo? Zikiwa nyasi, inalala tena, kimya. Akionekana mtu, hapo ndipo inawasha redio na kuwapelekea askari picha. Ndiyo maana waundaji wake wanasema betri yaweza kudumu mwaka na nusu. Na kule porini kila safari ya kubadilisha betri huacha nyayo za kumwonyesha jangili kamera ilipo.

Maana mla umeme ni redio. Mwaka 2000 watafiti Pottie na Kaiser walipiga hesabu: nishati ya kurusha data kidogo tu umbali wa mita 100 ingeitosha prosesa kutekeleza mamilioni ya amri. Basi afadhali kihisi kama kamera ile kifikiri sana, kiseme kidogo. Hata kutega sikio kuna gharama: CC2420, redio iliyokuwa imeenea sana katika vihisi, hula miliampea 17.4 inaporusha kwa nguvu zake zote na 18.8 inaposikiliza. Ikikesha ikisikiliza, betri za AA zenye miliampea-saa 2,500 zinakwisha siku ya sita. Ikiamshwa sehemu moja tu katika mia ya muda, zinapita mwaka.

Lakini vihisi vyote vikilala, kipi kitakisikia kipi? Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi. Mwaka 2002 Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin walivifundisha vihisi jirani kupeana ratiba, vilale pamoja na kuamka pamoja. Saa ya kimoja ikianza kuchelewa, hurekebishwa kabla havijapotezana.

Nayaelewa haya kwa sababu ya mama. Siku zile za vocha ya kuhesabu, akishuka Bunda mjini alikuwa anabipu mara moja: nimefika. Mara mbili: nileteeni mtu wa kupokea mzigo. Tulipatana nyumbani kabla hajatoka, na simu hatukuipokea hata siku moja. Jioni alirudi na salio lilelile aliloondoka nalo.