Maji ya Kamembe: wapi yazame, wapi yapite

Bwawa la Rusizi I ndilo linalopima jinsi mitaa ya juu inavyotunza maji yake. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na pale Ziwa Kivu linapogeuka mto Rusizi, na mashine zake zote zikizunguka hutoa karibu megawati 30. Mvua kubwa ikinyesha, chupa za plastiki, mifuko na masalio ya sokoni huzolewa kutoka mitaroni, huelea ziwani, kisha hufuata mkondo mpaka kwenye vichujio vya bwawa. Huko kuna watu ambao kazi yao ni kuzitoa kwa mikono na mitumbwi. Mwanzoni mwa 2023 mashine moja ilisimama kwa sababu ya taka hizo, na umeme ukapungua. Sehemu kubwa ya uchafu hutoka upande wa Bukavu, nchini Kongo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Lakini udongo mwekundu unaochafua maji ya mwambao hauulizwi pasipoti, na mitaa ya Kamembe, upande wa Rwanda, inachangia sehemu yake.

Ndiyo maana wazo la bustani za mvua linavutia. Bustani ya mvua ni beseni lisilo na kina kirefu, lenye mimea inayovumilia maji na ukame pia, lililowekwa pale ambapo maji ya paa au barabara yanaweza kuingia, kutulia na kuzama ardhini badala ya kukimbilia mtaroni. Swali langu hapa si kama wazo ni zuri, bali lilifanyikaje lilikofanikiwa, na ni sehemu gani yake inaweza kuhamishiwa kwenye mwinuko kama huu.

Mfano unaotajwa sana ni wa Burnsville, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani. Maji ya mtaa mmoja wa makazi yalikuwa yakiingia moja kwa moja katika ziwa la Crystal na kulichafua. Mwaka 2003 wahandisi walikata ukingo wa barabara mbele ya nyumba za watu walioridhia, wakachimba bustani 17 na kuzipanda maua na vichaka. Kilichonivutia zaidi ni upimaji wao. Walichagua mtaa jirani unaofanana na huo, wakauacha bila bustani, wakapima mitaa yote miwili kabla na baada ya ujenzi. Maji yaliyotoka kwenye mtaa wenye bustani yalipungua kwa karibu asilimia 90. Huo ni ushahidi wa kuaminika, tofauti na picha za maua zinazopamba ripoti nyingi za miradi.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Burnsville pako kwenye mchanga. Mchanga hunywa maji haraka, na beseni la sentimita 20 hukauka siku hiyohiyo. Kamembe na Bukavu zimekaa juu ya miamba ya volkano iliyooza kwa miaka mingi ikawa udongo mzito, mwekundu, wenye mfinyanzi mwingi. Tuseme udongo huo unanyonya milimita 3 kwa saa. Beseni lilelile litahitaji saa 67, karibu siku tatu, na wakati wa Itumba, yaani masika, mvua nyingine itakuwa imeshafika kabla ya hapo. Kinachobaki ni dimbwi tu.

Kipimo cha kujua hayo hakigharimu kitu. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena, kisha angalia kwa rula yanavyoshuka kila saa. Fundi anayeanza kuchimba bustani bila kufanya hivyo anabahatisha kwa fedha za mwenye nyumba.

Lakini kasi ya unyonyaji ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni mteremko. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko zaidi ya mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 1,460. Mita mia na zaidi zinashuka katika kilomita chache tu, nyumba zikiwa zimepangwa juu ya nyumba. Miongozo ya Marekani huonya kwamba mteremko ukizidi asilimia 12 au hivi, bustani ya kuzamisha maji isichimbwe. Mtu anaweza kudhani huo ni uoga wa wanasheria. Sivyo. Ng'ambo ya mto, mtaa wa Funu mjini Bukavu umejengwa juu ya maporomoko makubwa yanayoteleza polepole, na sehemu nyingine ardhi husogea mita kadhaa kwa mwaka. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Antoine Dille walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchambuzi wa picha za eneo hilo za takriban miaka sabini, na wakaonyesha kwamba kupanuka kwa mji kulihusiana na kuongezeka kwa kasi ya mtelezo. Maelezo yao yanaelekea kwenye maji: mji hubadilisha mahali yanapoingia ardhini na wingi wake.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuchimbe bustani ya mvua mbele ya kila nyumba, kuanzia Kamembe juu hadi Cyangugu chini mwambaoni, nitamwambia kwamba katikati ya mlima huo tungekuwa tunaupaka mgongo wa kilima mafuta.

Kazi igawanywe kwa jinsi kilima kilivyo. Juu, kwenye uwanda wa Kamembe, ardhi iko karibu sawa. Hapo bustani zinafaa, hasa kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule na ofisi, mradi ziwe mbali na ukingo wa mteremko. Mfinyanzi ukizidi, chini ya beseni huwekwa kokoto na bomba lenye matundu linalotoa maji polepole kwenda mtaroni. Maji hayatazama yote, lakini yatachelewa na kuacha tope lake njiani, na hilo tu ni faida.

Kwenye mteremko, maji yasizamishwe. Yashikwe kwenye tangi, kisha yashushwe kwa mtaro wa mawe wenye ngazi zinazovunja kasi. Na hapa kuna kosa la kawaida. Paa la mita za mraba 80 likipokea mvua ya milimita 40 hutoa lita 3,200. Watu husema: nunua tangi, mambo yamekwisha. Lakini wakati wa mvua tangi huwa limejaa tangu jana, na mvua ya leo humwagika yote. Dawa yake ni kutoboa tundu dogo katikati ya urefu wa tangi. Nusu ya chini inabaki ya kufulia na kuoshea vyombo. Nusu ya juu hujiminya mtaroni kwa saa kadhaa baada ya mvua, ikiwa tayari kwa mvua ijayo. Tangi la lita 4,000 lenye tundu kama hilo linaweza kupokea lita 2,000 hata katikati ya Aprili. Mwenye tangi ataona anapoteza maji, na itabidi aelezwe zaidi ya mara moja.

Chini, karibu na ziwa, eneo tambarare linarudi. Hapo panafaa mabeseni mapana yenye mafunjo na matete, kazi ile ambayo hifadhi ya Nyandungu mjini Kigali, iliyofunguliwa 2022, inaifanya kwa ukubwa wa hekta 121. Kabla ya kila beseni kuwe na shimo dogo lenye wavu wa chuma, ili chupa na changarawe vibaki pale penye njia ya mtu wa koleo. Bila shimo hilo, tope huziba beseni kwa misimu michache, na mabeseni mengi hufa hivyo. Kusafisha kunaweza kuingizwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ila mwezi ni muda mrefu wakati wa mvua. Mtaa unahitaji mtu mmoja wa kupita kila baada ya dhoruba.

Juu ya mbu: mbu wa malaria huhitaji wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Beseni linalokauka ndani ya siku mbili haliwazalishi. Lisilokauka lifunguliwe bomba la chini, au lifukiwe.

Ningependa Wilaya ya Rusizi ianze na mitaa miwili tu ya uwandani, inayofanana kwa paa, barabara na udongo. Umuhindo wa kwanza, yaani msimu wa vuli, ipimwe yote bila kuguswa: ndoo ya kupimia mvua, na ubao wenye alama mtaroni wa kusoma kimo cha maji. Baada ya hapo mtaa mmoja uchimbiwe bustani, na upimaji uendelee Itumba na Umuhindo unaofuata. Vifaa hivyo ni rahisi kuliko kilomita moja ya mtaro wa zege, na kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuvisoma.