Tai wa Radom: Fani na Maudhui ya Chuma

Tumezoea kuhakiki tenzi, riwaya na tamthilia. Aghalabu hatukumbuki ya kuwa hata chuma huandikwa, na maandishi yake yahitaji msomaji. Katika makala hii tutaitazama bastola ya kijeshi ya Poland iitwayo Vis, ambayo wakusanyaji wa silaha za kale huithamini sana.

Waliobuni bastola hiyo ni Piotr Wilniewczyc na Jan Skrzypiński. Jina lake la awali lilikuwa WiS, kutokana na herufi za mwanzo za majina yao. Baadaye likageuzwa kuwa Vis, neno la Kilatini lenye maana ya nguvu. Jeshi la Poland liliikubali mwaka 1935, nayo ikaundwa katika kiwanda cha serikali mjini Radom. Bastola za kabla ya vita zina ubavuni jina la kiwanda, mwaka, tai wa taifa aliyevaa taji, na herufi "wz.", ambazo ni kifupisho cha neno la Kipolandi lenye maana ya mfano.

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland na kukiteka kiwanda. Hapo ndipo maandishi yalipobadilika. Tai wa taifa aliondolewa. "Wz." ikawa "Mod.", kisha ikapigwa chapa "P.35(p)", ambamo herufi ya mwisho yaonyesha tu kwamba asili ya silaha ni ya Kipolandi. Taifa zima likatiwa mabanoni! Tai alirudi, lakini sasa ni kitai kidogo cha wakaguzi wa silaha wa Kijerumani. Hata hivyo, jina la Radom na nambari ya hataza vilibaki: mtekaji aliitwaa kazi, asiweze kuifuta asili yake.

Kadiri vita ilivyoendelea, fani iliporomoka. Mfuo wa kupachikia kitako cha bega uliachwa, chuma hakikusuguliwa tena vizuri, na mwishowe vibao vya mpini vikawa vya mti mtupu. Wakusanyaji huzipambanua hatua hizi kwa ustadi, na ustadi huo hatuubezi.

Lawama yetu ni kwamba wengi huishia hapo, kwenye fani. Yafaa tuulize: kwa nini wakati wa utekaji mitutu haikuundwa Radom, bali Steyr, Austria? Ni kwa sababu watekaji waliwahofia mafundi, wasije wakaunda bastola kamili na kuwapelekea wapiganaji wa siri. Vipande vilitoroshwa hata hivyo. Na mwaka 1942 wafanyakazi wa kiwanda hicho walinyongwa hadharani. Hakuna chapa hata moja iwatajayo. Maudhui makubwa ya chuma hiki yamo katika yale yasiyoandikwa juu yake.

Habari hizi si za mbali nasi kama zidhaniwavyo. Kuanzia mwaka 1942, Tengeru karibu na Arusha ilipokea maelfu ya Wapolandi waliong'olewa makwao katika vita hiyo hiyo, na makaburi ya baadhi yao yangaliko.

Basi mwalimu awapelekapo wanafunzi mbele ya silaha ya kale, asiwaache wanakili herufi na miaka peke yake. Na waulize pia: nani aliyeipiga chapa hii, nani aliyefutwa ili ipigwe, na mkono wa nani ulioshika nyundo?