Nani Aliyemwua Uhuru? Mama Mshukiwa katika Kidagaa Kimemwozea

Ikiwa unafundisha au unasomea ufuoni mwa Ziwa Victoria, iwe Kisumu, Usenge au Port Victoria, unajua jinsi dagaa, yaani omena, wanavyoanikwa. Mvua ikiwanyeshea na jua likakosekana, huoza. Anayelaumiwa kwanza ni mama aliyewaanika, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Mfano huu utakufaa unaposoma Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE.

Taharuki ya riwaya hii inatokana, kwa kiasi kikubwa, na kitoto kinachokutwa mlangoni pa Amani. Swali linalotujia ni moja: mamake ni nani, na ana moyo gani? Kabla hatujamjua tumekwisha kumhukumu. Baadaye twatambua kwamba mama ni Lowela, msichana wa umri wa kwenda shule, na baba ni Mtemi Nasaba Bora. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "Lowela ni katili" amenaswa na mtego wa mtunzi. Hajajiuliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua.

Aidha, tazama anayeshikwa. Imani na Amani ndio wanaomlea mtoto huyo, Uhuru, na kumpeleka hospitalini anapougua. Anapofariki kwa uzembe wa wauguzi, wao ndio wanaoshtakiwa kwa kumwua. Imani, aliyejitwika umama asiouzaa, anageuka mshukiwa. Hiki ni kinaya kikali: aliyebeba mtoto ndiye anayebebeshwa kifo chake.

Hali kadhalika, kosa hili si la kwanza Sokomoko. Kwa mbinu ya kisengere nyuma tunaelezwa kuhusu Yusufu, aliyesingiziwa kumwua babake mzazi, Chichiri Hamadi. Linganisha kesi hizi mbili. Katika zote, mkono wa Mtemi umefichika na aliye karibu na marehemu ndiye anayeadhibiwa. Naye Bi. Zuhura, mkewe Mtemi, anashukiwa uzinzi na kupewa talaka na mume ambaye mwenyewe ana mtoto wa nje. Kwa hivyo shuku katika riwaya hii ni silaha ya mwenye mamlaka.

Je, mtunzi amefaulu kikamilifu? Kwa maoni yangu, hapana. Lowela amepewa nafasi finyu. Uchungu wa mama aliyetengana na mwanawe tunaukisia zaidi kuliko tunavyousikia kutoka kinywani mwake. Hata hivyo, pengo hilo nalo lina funzo: jamii iliyomtia hatiani haikumpa nafasi ya kujitetea.

Dokezo kwa mtahiniwa: ukiulizwa kuhusu taharuki, usikomee kutaja kwamba "tunatamani kujua". Eleza tunatamani kujua nini, jibu linatolewa vipi, na jibu hilo linabadilisha vipi hukumu yetu ya awali. Jina la Uhuru pia ni jazanda. Liunganishe na nchi iliyopata uhuru ikashindwa kuulea.

Nawe mwalimu, kabla ya kuwafundisha sifa za Lowela, waulize wanafunzi wako swali hili: msichana wa darasani mwenu akipata mtoto leo, nani ataitwa ofisini kwanza, na nani hataitwa kamwe? Majibu yao yatawafikisha Sokomoko upesi kuliko muhtasari wowote.