Vibomu 88 ndani ya kombora moja

Malori yanayovuka Malaba kwenda Juba, Sudan Kusini, hupita Tororo, Gulu na Nimule, na mengine husonga mbele hadi Bor. Ni kando ya barabara hiyo ya Bor, karibu na Malek, ambako Februari 2014 wategua mabomu wa Umoja wa Mataifa walikuta mabaki ya mabomu ya mtawanyiko yasiyopungua manane. Yalikuwa RBK-250-275 ya Kisovieti, ya kudondoshwa na ndege, kila moja na vibomu 150. Uganda, iliyokuwa na wanajeshi wake huko wakiisaidia serikali ya Juba, ilikana kuyatumia.

Kwa nini vibomu hubaki ardhini bila kulipuka? Mizinga ndiyo inayoonyesha chanzo vizuri zaidi. Kombora alilobuni Mwingereza Henry Shrapnel, miaka ya 1780, lilimwaga gololi tupu; zikishaanguka, zimekwisha. Hatari ya kudumu ilianza pale kila gololi ilipogeuzwa kuwa bomu lenye fyuzi yake.

Marekani ilifanya majaribio mengi ya namna hiyo, hadi ikapata M483A1 ya milimita 155. Ndani mna vibomu 88 vilivyopangwa kama betri za tochi. Kombora likiwa hewani huvisukuma nje kupitia kitako chake. Kila kibomu kina utepe mgongoni: upepo ukiushika, hukinyoosha kishuke wima na kuiweka fyuzi tayari. Mpango mzima umetundikwa kwenye utepe huo. Ukinaswa na matawi, au kibomu kikiangukia matope, fyuzi haipati kishindo inachokihitaji. Ripoti za Marekani yenyewe zilitaja vinavyoshindwa kulipuka kufikia asilimia 14: kama 12 kwa kila kombora. Hakuna mhandisi anayepaswa kukiita kifaa hicho kimekamilika.

Vibomu vya RBK havina utepe, lakini vinategemea kishindo vilevile, na nchi ya Bor ni bonde la Nile, udongo laini unaofurika kila mwaka. Anayekuja kuvikanyaga ni mchungaji, au tanboi aliyeshuka kuchimba dawa.

Sudan Kusini ilijiunga na mkataba wa kuyapiga marufuku mabomu haya mwaka 2023. Kenya na Uganda zilitia saini tangu 2008, ila kuridhia bado, na hilo ni jambo ambalo wabunge wa pande zote mbili za boda ya Malaba wanapaswa kuulizwa.