Pongezi kwa mafundi wa mazutu wa Kituku

Pale bandarini Kituku, mjini Goma, mitumbwi na maboti ya Ziwa Kivu hushusha mizigo, na magari ya zamani ya mazutu huipokea. Inayoyaweka barabarani ni mikono ya mafundi, nami nawavulia kofia, hasa kwa namna wanavyoisaka hewa iliyojipenyeza kwenye njia ya mafuta.

Gari limelala usiku kucha, asubuhi linagoma kuwaka. Wengi hukimbilia kulaumu pampu, kifaa cha bei ya kuumiza. Fundi mzuri hagusi pampu. Anajua kwamba kati ya tangi na pampu mafuta huvutwa, hayasukumwi; ufa mdogo hapo hauvujishi hata tone, unaingiza hewa tu, kama mrija wa soda uliotoboka. Usiku mazutu hurudi tangini taratibu.

Basi anakata mpira karibu na pampu, anaunga kipande cha plastiki kinachoonyesha ndani, anawasha injini na kuinama. Vipovu vinapita, vidogo, vimefuatana. Kisha anaitoa njia ya tangi na kuinywesha pampu moja kwa moja kutoka kwenye bidoni. Vipovu vikikoma, ubovu uko nyuma: mpira uliokauka, klipu iliyolegea, au bomba la chuma lililoliwa na kutu. Vikiendelea, atatazama mbele, hata vimpira vya kurudishia mafuta juu ya nozeli.

Huo ni uchunguzi wa kitaalamu kamili, bila kompyuta. Mara nyingi dawa yake ni mpira mpya na klipu mbili, na mwenye gari anapakia kabeji zake siku hiyohiyo.